NANI ATAKAIMU?

Tumepokea barua tatu kutoka kwa wanachama, zote zataka gazeti hili liseme wazi ni nani afaaye kupigiwa kura ya Urais siku ya uchaguzi itakapowadia. Mmoja ameandika kwa ukali kidogo, akisema ya kuwa chama cha watu waliosoma kikinyamaza wakati kama huo ni sawasawa na taa iliyowashwa kisha ikafunikwa chungu.

Jibu letu ni fupi. Hatutataja jina la mtu. Sheria yatukataza kuwa mawakala wa chama chochote cha siasa, na hata kama isingetukataza, busara ingetukataza. Ye yote atakayeshinda ndiye ambaye barua zake tutazipiga chapa na majalada yake tutayatunza, naye ana haki ya kutumikiwa na makarani ambao hawakumtukana jana. Walakini mtumishi wa Serikali hakunyang'anywa kura yake siku alipotia sahihi mkataba wa kazi, wala hakunyang'anywa akili ya kuipima. Basi twapenda kusema juu ya jambo moja ambalo barua zote tatu hazikuligusa, nalo ni habari ya mgombea mwenza.

Juma lililopita, wakati wa chai, tuliwauliza wenzetu wa ofisini watutajie wagombea wenza wanne wa uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022. Bwana Rigathi Gachagua na Bibi Martha Karua walitajwa upesi. Bibi Justina Wamae alikumbukwa baada ya kukunwa vichwa. Wa nne, Bibi Ruth Mutua, hakutajwa na mtu hata mmoja, na mwandishi wa maneno haya akiri ya kuwa naye alikwenda kutazama kabla ya kuuliza. Hawa ni watu wasomao magazeti kila siku! Kama makarani hawawajui, mkulima aliye mbali na barabara atawajuaje?

Ajabu ni kwamba katika kazi zetu wenyewe hatufanyi hivi. Mkuu wa idara akitangaza ya kuwa aenda likizo, swali la kwanza litokalo katika kinywa cha karani wa fedha ni hili: nani atakaimu? Kwa kuwa huyo ndiye atakayeshika ufunguo wa kasha la fedha na kutia sahihi hati za malipo. Twamjua kaimu mzembe tangu siku ya kwanza, na twaomba likizo ya mkuu iwe fupi. Lakini kwa kiti kilicho juu ya viti vyote twamtazama mtu mmoja, na aliye pembeni yake twamhesabu kuwa ni pambo.

Katiba tuliyoipata tarehe 27 Agosti 2010 haimhesabu kuwa pambo. Kabla yake Rais alimteua Makamu wake kama apendavyo, na alipopenda asiwe naye, hakuwa naye. Baada ya uchaguzi wa 1997 nchi yetu ilikaa zaidi ya mwaka mmoja bila Makamu wa Rais, hata Bwana George Saitoti aliporudishwa mwezi wa Aprili 1999. Siku hizi sharti mgombea amtaje mwenzake mapema, na huyo mwenza sharti awe na sifa zile zile za kugombea Urais. Kura ni moja, watu ni wawili. Kiti cha Rais kikiwa wazi, Naibu akikalia kwa muda wote uliobaki. Na ikiwa uliobaki ni zaidi ya miaka miwili na nusu, wahesabiwa kuwa kipindi kizima. Hapana uchaguzi mwingine wa katikati, wala nafasi ya kusema, "Huyu sisi hatukumtazama vizuri."

Msomaji aweza kudhani ya kuwa twatabiri mabaya. La, twasoma tu yaliyokwisha tokea kwa jirani. Tanzania walipiga kura tarehe 28 Oktoba 2020. Rais John Magufuli akafariki tarehe 17 Machi 2021, hata miezi mitano haijatimia. Siku ya pili yake baada ya hiyo iliyofuata, yaani tarehe 19, Bibi Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa mgombea mwenza mwaka 2015 na tena mwaka 2020, akaapishwa kuwa Rais, na mbele yake kulikuwa na zaidi ya miaka minne ya kutawala. Jiulize ni wapiga kura wangapi waliosimama katika foleni siku ile ya Oktoba wakijua ya kuwa wanamchagua Rais wa miaka minne ambaye jina lake hawakulitia sana maanani.

Marekani nako yalitokea makubwa zaidi. Katika uchaguzi wa 1944 Rais Franklin Roosevelt alikuwa mgonjwa, na wakuu wa chama chake wakamwacha Makamu Henry Wallace, wakamweka Bwana Harry Truman. Truman alikaa katika Umakamu siku 82 tu. Roosevelt alipofariki tarehe 12 Aprili 1945, dunia ikiwa bado vitani, Truman alikuwa hajaelezwa habari za bomu la atomiki lililokuwa likitengenezwa kwa siri. Alikuja kuelezwa akiwa amekwisha apa. Kufika mwezi wa Agosti mabomu mawili yalikuwa yameangushwa Japani kwa amri ya serikali yake. Hapa karani aone funzo la kazi: kaimu aliyefichwa majalada si kaimu, ni mgeni aliyekabidhiwa ufunguo gizani.

Na Malawi je? Bibi Joyce Banda alichaguliwa pamoja na Rais Bingu wa Mutharika mwaka 2009. Wakagombana, naye akafukuzwa katika chama mwezi wa Desemba 2010. Lakini kwa kuwa alipigiwa kura na watu, hakuweza kufukuzwa katika Umakamu kwa barua ya Rais. Rais alipofariki mwezi wa Aprili 2012 baadhi ya wakuu walijaribu kumziba njia. Sheria ikashinda, akaapishwa tarehe 7 Aprili. Siku mbili hizo nchi ile ilikuwa kama nyumba ambayo mlango wake haujulikani kama umefungwa au u wazi.

Ugomvi huo watuleta nyumbani. Bwana William Ruto alikuwa mwenza wa Bwana Uhuru Kenyatta mwaka 2013 na 2017. Kabla kipindi cha pili hakijafika nusu mapatano yao yalikuwa yameharibika, na mwaka 2022 Kenyatta alimwunga mkono Bwana Raila Odinga dhidi ya naibu wake mwenyewe. Kisha Ruto akawa Rais, na Naibu wake Gachagua akaondolewa na Seneti tarehe 17 Oktoba 2024, miaka miwili na kidogo tu baada ya kuapishwa pamoja. Bwana Kithure Kindiki akapendekezwa na Rais, akakubaliwa na Bunge, akaapishwa tarehe 1 Novemba. Yote yalifuata njia iliyoandikwa. Hata hivyo mtu aliyepiga kura mwaka 2022 alichagua wawili, akajikuta na mmoja wa wale wawili na mwingine asiyekuwamo katika karatasi. Hatusemi nani alikuwa na haki katika ugomvi huo. Hilo si letu. Twasema ya kuwa mara mbili mfululizo wale tuliopewa kama jozi walishindwa kuvuta jembe moja, na dalili zingeweza kutafutwa mapema.

Kwa nini hazikutafutwa? Kwa sababu tulikuwa twahesabu makabila. Mwaka 2022 wagombea wakubwa wote wawili waliwatwaa wenza wao katika eneo la Mlima Kenya, mmoja Nyeri, mwingine Kirinyaga, na kila mtu alijua sababu: huko kulikuwa na kura nyingi na hakuna mgombea mkubwa wa kwao. Hesabu si dhambi, na katika nchi ambayo mshindi sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote, na robo katika zaidi ya nusu ya kaunti, haikosi kufanywa. Lakini hesabu hiyo yaishia usiku wa kutangazwa matokeo. Kesho yake asubuhi yataka mtu wa kusoma jalada nene, kulielewa, na kumwambia mkubwa wake kwa adabu, "Bwana, hapa tumekosea." Je, mwenza huyo amepata kumwambia mtu neno kama hilo? Amepata kuongoza wizara, kaunti, kamati, hata ushirika wa maziwa, na hesabu zake zilisomwaje na Mkaguzi Mkuu? Ripoti hizo ni za watu wote, nasi makarani tu watu wa kusoma ripoti; haifai tumwachie kazi hiyo mwenye kipaza sauti.

Mwaka 2022 ilikuwako nafasi moja nzuri ambayo wengi waliipuuza. Tarehe 19 Julai wagombea wenza walisimama mbele ya watu kujadiliana. Wakubwa wao hawakufanya hivyo: tarehe 26 Julai Bwana Odinga hakufika, na Bwana Ruto alijibu maswali peke yake. Kwa hiyo aliyetaka kuwalinganisha wagombea wa pande mbili kuu uso kwa uso aliweza kufanya hivyo kwa wenza tu. Twajua wanachama waliozima redio usiku ule wakisema ya kuwa hao ni wadogo.

Katiba imeuweka uchaguzi wetu Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Halmashauri imekubali kwamba majina yakishatolewa, jioni moja ya mkutano wetu wa kawaida itengwe kwa kusoma habari za wenza peke yao, kutoka katika kumbukumbu za Bunge na ripoti za ukaguzi, pasipo kampeni na pasipo sare za chama cho chote. Mwanachama atakayekuja na kofia ya rangi ataombwa aiache mlangoni. Na ndugu aliyeazima nakala ya Katiba kutoka katika kabati la Chama tangu mwaka jana, tafadhali airudishe kwa Karani wa Chama kabla ya mkutano, kwa kuwa ndiyo moja tuliyo nayo.