Mali bila daftari hupotea bila habari

Shangazi yangu hakupata kwenda shule, lakini hesabu ya kuku wake ilikuwa kichwani. Jioni, kabla ya kufunga banda, aliwahesabu mmoja mmoja. Mmoja akikosa, hakupiga kelele. Alizunguka nyumba akitazama chini ya miti, na akiona kinyesi kibichi chini ya mwembe, aliinua macho na kusema, "Huyo hapo juu." Ni mara chache sana alikosea.

Nimemkumbuka shangazi wiki hii, msomaji mpendwa, kwa sababu wanasayansi wa Uingereza wametumia ujanja uo huo kuhesabu ndege walio mahali ambapo ni vigumu sana kwa binadamu kufika.

Ndege hao ni pengwini. Ninaowazungumzia ni wale wakubwa kuliko wote, waitwao pengwini kaisari, ambao kimo chao hupita mita moja. Kwao ni Antaktika, lile bara la Ncha ya Kusini ya dunia. Huzaliana katikati ya kipupwe cha huko, wakati baridi inaposhuka hata kupita nyuzi 40 chini ya sufuri. Jike hutaga yai moja tu, humwachia dume, kisha huenda zake baharini kutafuta chakula. Dume hulilea yai hilo juu ya nyayo zake kwa muda wa miezi miwili hivi, bila kutia kitu kinywani. Akina baba, mmesikia?

Sasa, ni nani atakayekwenda kwa pengwini na daftari mkononi, majira kama hayo? Kwa miaka mingi, makundi yaliyojulikana yalikuwa machache, hasa yale yaliyo karibu na vituo vya utafiti au yaliyoonekana na wasafiri.

Mambo yalibadilika mwaka 2009. Mtaalamu wa ramani wa shirika la British Antarctic Survey, Peter Fretwell, na mwenzake Phil Trathan, walieleza kwamba picha za setilaiti zilionyesha madoa ya rangi ya kahawia juu ya barafu nyeupe. Pengwini wenyewe hawakuonekana, kwani picha hizo hazikuwa na uwezo wa kuonyesha vitu vidogo. Lakini ndege maelfu wakikaa mahali pamoja miezi minane, barafu huchafuka kwa kinyesi. Basi wakayafuata madoa hayo pwani nzima ya bara. Walipata makundi 38, na 10 kati yake hayakuwa yakijulikana.

Mwaka 2012, kwa picha zilizo kali zaidi, hesabu ilifikia makundi 46 na ndege wapatao 595,000. Hiyo ilikuwa karibu mara mbili ya makadirio ya zamani. Kufikia mwanzo wa 2024, makundi yaliyojulikana yalikuwa 66.

Habari njema, sivyo? Ngoja kwanza. Daftari haliandiki faida peke yake.

Pengwini kaisari wengi hawazai juu ya nchi kavu. Huzaa juu ya barafu ya bahari, yaani maji ya bahari yaliyoganda na kushikamana na pwani. Barafu hiyo ni lazima iwe imara hadi Desemba hivi, vifaranga wapate kuota manyoya yasiyopenya maji. Ikivunjika mapema, kifaranga mwenye manyoya laini ya utotoni hutumbukia baharini, akazama au akafa kwa baridi.

Hayo ndiyo yaliyotokea mwishoni mwa 2022 katika Bahari ya Bellingshausen, magharibi ya Rasi ya Antaktika. Watafiti walikuwa wakitazama makundi matano kwa setilaiti. Katika manne, barafu ilivunjika kabla ya vifaranga kukomaa, na kwa kila dalili hakuna hata kifaranga mmoja aliyepona. Hakukuwa na mtu wa kushuhudia, wala wa kusikia vilio vyao. Bila picha hizo, tusingalijua kwamba kuna kizazi kilichopotea.

Huenda mwanafunzi mmoja anauliza: "Yatuhusu nini sisi wa Nairobi na Mombasa?"

Chukua glasi ya maji uliyotia vipande vya barafu. Vikiyeyuka, maji hayaongezeki kimo. Ndivyo ilivyo barafu ya bahari. Lakini ukiongeza vipande vingine kutoka nje, maji yatapanda. Hiyo ndiyo barafu iliyo juu ya nchi kavu ya Antaktika, ambayo mahali pengine unene wake hupita kilomita nne. Hiyo nayo ina daftari lake. Ndege za utafiti hurusha mawimbi ya rada yanayopenya barafu na kurudi yakigonga mwamba, na kwa njia hiyo unene hupimwa. Tangu 2002, setilaiti pacha zinazofuatana angani zimekuwa zikipima mabadiliko ya mvuto wa dunia, na hivyo ni kama zinaiweka barafu juu ya mizani. Mizani hiyo yaonyesha kwamba Antaktika imekuwa ikipoteza zaidi ya tani bilioni 100 kwa mwaka, kwa wastani.

Barafu hiyo yote ikiyeyuka, bahari za dunia zitapanda kwa mita 58 hivi. Hakuna anayesema yatatokea katika maisha yetu. Lakini hata sehemu ndogo ya mita moja ni jambo zito kwa mkazi wa Lamu ambaye maji ya bamvua humfikia mlangoni, na bahari ni moja.

Hata hapa kwetu, sensa ya kwanza ya wanyama pori ya nchi nzima ilifanywa 2021. Ndovu waliohesabiwa walikuwa 36,280. Tarakimu hiyo haimlindi ndovu hata mmoja, lakini hesabu ya baadaye ikipungua, tutakuwa na la kuuliza na wa kuulizwa.

Nawe mwanafunzi unayeiona Jiografia kuwa somo la kukariri majina ya mito, kumbuka kwamba aliyewafichua pengwini hao alikuwa mtu wa ramani, na kazi yake ilianza kwa kulitilia maanani doa ambalo wengine wangalilipita.

Shangazi alikuwa na msemo mmoja tu kuhusu kuku wake: anayehesabu jioni hashangai asubuhi. Haya, tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo.