Mama anapewa cheo, lakini ananyimwa kiti

Kila mwezi wa tatu, makampuni ya simu, mabenki na watu wa intaneti wanatoa picha za wamama wanaoongoza kazi. Vikwembe vimeshonwa, hotuba zimesomwa, keki imekatwa. Lakini mwezi wa nne ukifika, yule mama wa kwenye picha anaitwa kwenye mkutano ambamo feza zinapangwa? Anajua wanaume wenye cheo kama chake wanalipwa ngapi? Hapo ndipo ubaguzi unakaa siku hizi. Mlango wamemufungulia. Kiti ndicho wanamunyima.

Kesi moja ya huko Marekani inaonyesha jambo hilo waziwazi. Pinterest ni kampuni ya California ambayo watu wanaitumia kutafuta na kutunza picha za mapishi, nguo, mapambo ya nyumba. Wengi wa wanaoitumia ni wanawake. Mwaka wa 2018 kampuni hiyo ilimuchukua mama Françoise Brougher, mzaliwa wa Ufaransa aliyekuwa amepitia Google na Square, ikamupa kazi ya kusimamia shuguli zake zote. Chini ya mkurugenzi mkuu, hicho ni kati ya vyeo vya juu kabisa.

Mwaka wa 2019 Pinterest iliingia kwenye soko la hisa. Kampuni inayofanya hivyo inalazimishwa na sheria kuonyesha karatasi zake, pamoja na malipo ya wakubwa. Kufuatana na mashtaka ya mama Brougher, ni katika karatasi hizo ndimo aligundua kwamba hisa zake zilipangwa kulipwa kwa kuchelewa kuliko za wanaume wenzake. Aliuliza, wakarekebisha. Kisha, anasema, mambo yakaanza kubadilika: mikutano ambayo zamani aliitwa, hakuitwa tena. Alisema pia kwamba mkubwa wa feza alimuuliza mbele ya wengine kazi yake ni gani hasa, na kwamba alipolalamika kuhusu mwenzake huyo, yeye ndiye alifukuzwa, kwa mazungumzo ya video, mwezi wa nne 2020. Alishitaki mwezi wa nane. Mwezi wa kumi na mbili pande mbili zilipatana: dola milioni 22,5, ambamo milioni 2,5 zilikwenda kusaidia wanawake na watu wengine walioachwa nyuma katika kazi ya teknolojia. Pinterest haikukubali kosa lolote.

Hakuna mtu aliyesimama katika biro na kusema kwamba mwanamke hafai kuongoza. Maneno ya namna hiyo hayatoki tena katika makampuni makubwa. Wanasheria wamekwisha kuyakataza. Yanayotoka ni mengine: mama huyu ana tabia ngumu, hasikilizani na wengine, anasema sana. Mwanaume akikata shauri kwa nguvu wanamwita kiongozi. Mwanamke akifanya vilevile, wanaanza kuchunguza roho yake.

Ndiyo maana karatasi ina nguvu kuliko malalamiko. Miaka minane mbele ya hapo, mwaka wa 2012, mama Ellen Pao alishitaki kampuni ya Kleiner Perkins, inayoweka feza katika makampuni mapya ya teknolojia. Alisema alinyimwa kupandishwa cheo kwa sababu ni mwanamke. Baraza la raia waamuzi, wanaume sita na wanawake sita, lilimukatalia mashtaka yote mwezi wa tatu 2015. Kampuni ilijibu tu kwamba kazi yake haikutosha. Namna gani mtu atahakikisha kinyume, ikiwa kanuni za kupandishwa cheo zinakaa ndani ya vichwa vya wanaume wachache wanaokula pamoja?

Hata hivyo, feza za Brougher zina upande mwingine ambao Mwafrika hawezi kuupita haraka. Mwezi wa sita 2020, mbele hata Brougher hajashitaki, wanawake wawili weusi waliotoka katika kampuni ileile, Ifeoma Ozoma na Aerica Shimizu Banks, walisema hadharani kwamba walibaguliwa kwa sababu ya rangi na ya kuwa wanawake. Walichopata wao wakati wa kuondoka hakikufikia mshahara wa mwaka moja. Mzungu mwenye cheo kikubwa alipata mamilioni. Waliofungua njia walipata makombo. Cheo kilikuwa tofauti, ni kweli, na mishahara pia. Lakini pengo hilo halielezwi na cheo peke yake.

Ozoma hakuishia kulia. Alipigania sheria mpya katika California, ambayo gavana alitia sahihi mwaka wa 2021. Tangu tarehe 1 Januari 2022, kampuni ya huko haiwezi tena kumupa mfanyakazi feza za kuondoka na kumukataza kusema ubaguzi aliouona kazini. Hiyo pengine ina faida kuliko milioni 22, kwani aliyenunuliwa kunyamaza anaacha mubaya kwenye kiti, akimungoja mama mwingine.

Katika Kongo, sheria hazikosekani. Hadi mwaka wa 2016, Kanuni ya jamaa ya 1987 ilimutaka mke apate ruhusa ya bwana mbele ya kutia sahihi kontra ya kazi. Hiyo imeondolewa. Kanuni ya kazi ya 2002 inasema kazi sawa, ujuzi sawa, mshahara sawa, bila kuangalia kama ni mwanaume ao mwanamke. Katiba inataja usawa katika kifungu cha 14, na sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 imeeleza namna ya kuutimiza.

Kinachokosekana ni karatasi wazi. Brougher alifungua macho kwa sababu soko la hisa lililazimisha kampuni kusema mishahara. Mama anayeongoza kundi la mafundi wa komputa katika Goma, Bukavu ao Lubumbashi hana soko la namna hiyo. Mshahara wa mwenzake ni siri, na mara nyingi kontra inakataza kuutaja. Hawezi kushitaki tofauti asiyoijua.

Wajumbe wa sendika, ambao katika makampuni mengi wanashugulika zaidi na prime na gari la kusafirisha wafanyakazi, wana haki ya kuomba mambo mawili mengine: orodha ya mishahara kwa kila cheo, bila majina, na maandishi yanayoeleza kwa nini fulani alipandishwa na fulani akaachwa. Mkaguzi wa kazi akija, karatasi hizo ziwe mezani. Direkta atakayezikataa atakuwa amekwisha kujibu.