Kila Mpasheni na Sifa Yake

Mipasheni ni ya aina nyingi, na si busara kuichukulia yote kuwa dawa moja. Wenye matunda ya zambarau hustawi nyanda za juu. Wa manjano hupenda joto la pwani. Tunda bivu la kila mmoja ni lishe njema. Lakini chai ya kutuliza wasiwasi hutokana na Passiflora incarnata, mmea wenye asili ya Marekani. Majani ya mipasheni mingine huweza kuwa na viambata vitoavyo sumu ya sianidi, na hata chai hiyo yaweza kuzidisha nguvu ya dawa za usingizi. Mgonjwa na apande, ayafurahie maua, ale tunda. Naye mhudumu amwulize, pasipo kumkemea, anachemsha majani gani.