Intaneti ya kasi Kamina: kebo kupita mjini haitoshi

Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami tangu 2015, ni njia panda ya reli. Kutoka hapa, reli ya SNCC inaelekea Lubumbashi, Ilebo na Kalemie. Wakaaji wanajua kwamba treni ikipita kijijini bila kusimama, kijiji kinabaki kusikia honi tu. Intaneti ya kasi inafanana na reli hiyo.

DRC ilijiunga na kebo ya baharini ya WACS mwaka 2013, huko Muanda. Toka Muanda hadi Kamina ni zaidi ya kilomita 1,400 kwa mstari ulionyooka. Fibre optique inaomba kuchimba njia ndefu na kuilinda. Minara nayo inaomba umeme. Pahali umeme wa SNEL haufiki, jenereta inakunywa mazutu. Gharama zote hizo zinaishia kwenye bei ya mega.

Mwezi wa tano 2025, ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano, iliipa Starlink leseni, baada ya kukataza vyombo vyake mwaka 2024. Satelaiti haingojei mtaro kuchimbwa. Lakini kununua chombo na kulipa kila mwezi ni mzigo kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kamina. Chombo kimoja kinachotumiwa na wengi, chuoni, hospitalini ao kwenye komine, kingesaidia zaidi.

Nani alipe? Raia hawajasahau RAM. Toka 2020, initi zilikatwa kwenye simu zao, mpaka kodi hiyo ikaondolewa mwaka 2022 baada ya malalamiko makubwa. Sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020 inaonyesha njia nyingine: mfuko wa FDSU, unaochangiwa na kampuni za simu, ili huduma ifike pahali biashara haioni faida.

Kwa hiyo wabunge wa Haut-Lomami wana maswali matatu ya kuuliza. FDSU imepangia jimbo nini? Vituo vya umma vitawekwa wapi? Na baada ya uzinduzi, nani atalipa umeme na fundi? Hilo la tatu ndilo husahauliwa, na bila jibu lake, kituo kinaweza kufungwa siku betri ya kwanza itakapokufa.