Shahada Ukutani, Mtoto Sakafuni

Jamani, tusidanganyane! Mwalimu wa chekechea akihitimu KISE pale Kasarani, chuo kilichoanzishwa 1986, tunampigia makofi. Akiingia Chuo Kikuu cha Kenyatta akachukua uzamili wa elimu maalumu, tunachinja mbuzi. Sawa. Lakini niliowaona mimi, kesho yake wako wapi? Ofisini, bwana! Mtoto kiziwi wa miaka minne, umri wenyewe wa kunasa lugha, kaachiwa msaidizi asiyejua hata ishara ya maji. Ati Katiba ya 2010 imeitaja Lugha ya Ishara ya Kenya. Nani atamfundisha huyu? Uzamili huo upimwe pale mkekani, miezi na miezi kati ya watoto, tasnifu ingoje. Na nyongeza ya mshahara imfuate hukohuko darasani.