Wa kwenye treni nani anawalilia?

1/ Jamani, nilisema nitaigusa ile episodi ya "White Tulip" ya Fringe, mkaniambia nisithubutu. Naigusa. Najua ni ya 2010, najua mliilia. Hata mimi mara ya kwanza nililia. Nimeirudia juzi nikiwa nimetoka zamu ya usiku, nikakasirika.

2/ Kwa ambao hawajaiona: Alistair Peck (Peter Weller) ni mwanasayansi aliyefiwa na mchumba wake, Arlette, kwa ajali ya gari. Kajipachika mitambo mwilini ili arudi nyuma kwenye wakati akamwokoe. Shida ni kwamba safari yake inanyonya nishati ya kila kitu pale anapotua. Anatua ndani ya behewa la treni. Abiria wamekaa vitini, wamekufa, hawana hata mkwaruzo. Simu zimezima, na miili imezima vilevile.

FBI wakimbana, anaruka tena. Anatua kwenye behewa lilelile.

3/ "Lakini nesi, si akirudi nyuma wanakuwa hai?" Wanakuwa hai, halafu anatua wanakufa tena! Na ndiyo, mwisho wa episodi yote yanafutika. Ila hesabu zake zilikuwa zimeshamgomea mara kadhaa. Zingegoma kabisa, wale wangebaki vitini. Nitajieni jina la abiria mmoja tu. Hamna. Mimi siku nyingine kazi yangu ndiyo hao: kutafuta namba ya ndugu kwenye simu ya marehemu, kufunga taya, kuandika jina kwenye plasta. Siwezi kuwapita kama mapambo.

4/ Na upendo wa Peck naujua, nimekutana nao wodini. Kuna baba mmoja, mke wake alikuwa anahema kwa shida na tulikuwa tunasubiri mtungi mwingine wa oksijeni. Akanivuta pembeni.

"Sista, yule mzee wa dirishani si ameshaishi? Mtoleeni yeye, mpeni mke wangu."

Hakuwa mtu mbaya. Siku mbili hajalala, kavaa kandambili zisizofanana.

"Baba, yule naye ana mtu wake pale nje kwenye benchi."

Akalia, nikakaa naye. Lakini mpira wa oksijeni haukutoka puani kwa yule mzee. (Mtungi ulikuja. Msiniulize zaidi.)

5/ Sasa kinachoniudhi kabisa ni mwisho. Safari ya mwisho Peck anatua kwenye uwanja mtupu, yanakauka majani tu. Anakimbia hadi kwenye gari la Arlette, anamwambia anampenda, wanakufa wote wawili. Kumbe uwanja ulikuwepo! Kwa hiyo kumrusha bila kuua mtu iliwezekana, ila waandishi wakaificha hadi mwisho ili sisi tulie vizuri. Walter Bishop anatumiwa mchoro wa ua jeupe, alama ya msamaha aliyokuwa akiiomba kwa Mungu. Mazungumzo yake na Peck ni mazuri, sikatai, hapo waandishi walifanya kazi. Ila kwa wale wa behewani hata sala fupi?

6/ Naingia zamu. Mkija kunijibu msianze na Arlette, anzeni na wa kwenye treni.