Maasai Hip Hop: Albamu Kali Tuliyoipotezea

Wadau wa Karatu, tuambizane ukweli. Kila siku magari ya watalii yanapita hapa kwenda Ngorongoro, na sisi tunajisifia Umasai. Haya, albamu ya kwanza ya X Plastaz wa Arusha, Maasai Hip Hop ya 2004, wangapi mmeisikiliza yote? Mle ndani Merege anaimba Kimasai chenyewe, wana wanashusha mistari ya Kiswahili juu yake. Siyo pambo la watalii, ni muziki wa mtaani. Walioitoa ni lebo ya Ujerumani! 2009 Gsan akachana kwenye tuzo za hip hop za BET, Marekani, bado tukachuna. Kwangu mimi hiyo ndiyo hip hop ya Chuga. Tusisubiri mzungu atuambie ni kali.